Mwongozo kamili: kukalibreti vihisi vya PM2.5 kwa utafiti wa uzamili

Mwanafunzi amefunga vihisi kumi juu ya mapaa, amekusanya data miezi minne, na grafu zake zinapendeza. Siku ya utetezi mtahini anauliza swali moja tu: "Umejuaje kwamba hizi ni mikrogramu kweli?" Tasnifu nyingi za uchafuzi wa hewa hukwama hapo.

Swali hilo hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara linafika limechelewa. Vihisi vimeshafunguliwa, kituo cha rejea (chenye kifaa kinachoaminika cha kulinganishia) hakikuwahi kuguswa, na anayeuliza anataka fomula ya kurekebishia namba. Fomula ya namna hiyo haipo. Kihisi cha bei nafuu hakipimi uzito wa chembechembe. Kinapima mwanga wa leza uliotawanywa nazo, kisha programu iliyomo ndani inakisia uzito. Makisio hayo yanageuka kipimo pale tu kihisi kinapokaa bega kwa bega na kifaa kinachoaminika, katika hewa ileile, kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo kalibresheni, yaani ulinganishaji huo, inatangulia ukusanyaji wa data, haifuati.

Mwongozo huu unahusu PM2.5, yaani chembechembe zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini. Vihisi vya gesi vina vituko vyake. Cha NO2 (naitrojeni dioksaidi) na cha ozoni, kwa mfano, huchanganya gesi hizo mbili, na mambo yake hayafanani kabisa na haya.

## Vitu vya kuandaa

- Vihisi visivyopungua vitatu vya aina moja, hata kama utafiti unahitaji kimoja. Ukiwa na kimoja kikaongopa, hutajua. Ukiwa na viwili vikatofautiana, hutajua kipi kinaongopa. PMS5003 ya Plantower, SPS30 ya Sensirion na vifaa vya PurpleAir vyenye vihisi viwili vya Plantower ndani ndivyo utakavyovikuta mara nyingi.
- Ruhusa ya maandishi ya kutumia kituo chenye kifaa cha rejea, ikitaja wazi kwamba utapewa data za kila saa na kumbukumbu za matengenezo.
- Kipimo cha unyevu na jotoridi kinachokaa nje ya boksi la kihisi. Kile cha ndani kinapata joto la saketi, kwa hiyo kinaonyesha hewa yenye joto zaidi na kavu zaidi kuliko ilivyo.
- Umeme wa uhakika, na kadi ya kumbukumbu hata kama data zinajituma zenyewe mtandaoni. Mtandao hukatika siku ile ile unayoihitaji.
- Daftari la karatasi linalobaki kituoni.
- R yenye kifurushi cha openair, au Python yenye pandas. Excel inatosha kwa kutazama tu. Ukiipa tarehe na saa za vyanzo viwili tofauti itakuvuruga kimyakimya.
- Muda: angalau siku 30 kabla ya kwenda uwandani na wiki mbili baada ya kurudi. Kama ratiba yako haina nafasi hiyo, punguza vituo vya uwandani. Usipunguze kalibresheni.

## Hatua ya 1: Hakikisha kihisi kinaweza kujibu swali lako

Andika swali la utafiti kwa sentensi moja, kisha lilinganishe na mipaka ya kifaa.

Vihisi hivi haviwezi kuona vizuri chembe zilizo chini ya takriban mikromita 0.3, na sehemu kubwa ya moshi mbichi wa dizeli iko huko. Upande wa pili, vinakosa chembe kubwa: vumbi la barabarani na la upepo linapita bila kuhesabiwa sawasawa. Namba ya PM10 (chembe za hadi mikromita 10) inayotolewa na PMS5003 isiingie kwenye tasnifu yako kabisa. Ipo kwenye data kwa sababu mtengenezaji ameiweka, wala si kwa sababu imepimwa.

Kwa hiyo swali kama "PM2.5 hubadilikaje kati ya asubuhi na usiku katika mitaa mitatu?" linafaa. "Magari ya dizeli huchangia kiasi gani?" halifai kwa kifaa hiki peke yake, hilo linataka kipimo cha kaboni nyeusi au uchambuzi wa kemia ya chujio.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza msimamizi wako kwa dakika moja ni chembe zipi hutaziona na kwa nini hilo haliui swali lako.

## Hatua ya 2: Kielewe kifaa cha rejea kabla ya kukiamini

Wengi hufika kituoni, wanakuta kifaa kikubwa chenye bomba refu, wanakiita "ukweli" na kuendelea. Nacho kina makosa yake.

Kama ni BAM 1020, kinavuta hewa kupitia utepe wa chujio, kisha kinapima jinsi vumbi lililonasa linavyopunguza mionzi ya beta kutoka chanzo kidogo cha kaboni-14. Kwa wastani wa saa moja, kikomo chake cha chini cha ugunduzi kiko karibu na mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kwa wastani wa saa 24 kinashuka hadi karibu 1. Maana yake, hewa ikiwa safi, data za saa moja zitayumba sana na nyingine zitakuwa hasi, bila kosa la mtu yeyote. TEOM ya zamani, kifaa kingine cha rejea, inayopasha sampuli joto hadi nyuzi 50, inapoteza vitu vinavyogeuka mvuke kwa urahisi, hasa naitreti ya amonia, hivyo inaweza kusoma chini ya uhalisia.

Pasipo kifaa cha namna hiyo, njia ya chujio inatosha, na kwa kweli ndiyo mama wa zote. Pampu inavuta lita 16.7 kwa dakika kwa saa 24, sawa na mita za ujazo 24.05. Chujio la milimita 47 linapimwa uzito kabla na baada, likiwa limekaa angalau saa 24 kwenye chumba chenye jotoridi na unyevu uliodhibitiwa. Kanuni za Marekani zinataka nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Chujio likiongezeka miligramu 0.481, gawanya mikrogramu 481 kwa 24.05: unapata 20 kwa kila mita ya ujazo. Tazama jinsi uzito huo ulivyo mdogo. Alama ya kidole ikigusa chujio inaweza kuharibu sampuli nzima, ndiyo maana kila safari unabeba chujio tupu ambalo halivutiwi hewa ila linapitia kila kitu kingine.

Omba kumbukumbu za matengenezo: lini mtiririko wa hewa ulikaguliwa, lini utepe ulibadilishwa, lini kichwa cha kuchuja chembe kubwa kilisafishwa.

Onyo: kama kifaa hakijakaguliwa mtiririko kwa miezi mingi, omba kikaguliwe kwanza. Ukikalibreti kwa kifaa kinachokosea asilimia 20, vihisi vyako vyote vitarithi asilimia hizo 20, tena kwa usahihi wa kupendeza.

## Hatua ya 3: Viweke vihisi vyote chumba kimoja

Siku mbili au tatu zinatosha. Viweke mezani, umbali wa sentimita chache, viwashe kwa wakati mmoja, kisha linganisha wastani wa kila saa.

Gawanya mchepuko sanifu kati ya vihisi kwa wastani wao. EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, mwaka 2021 lilitoa shabaha za vihisi vya PM2.5: uwiano huo usizidi asilimia 30, au mchepuko usizidi mikrogramu 5. Mimi naona 30 ni huruma kubwa mno kwa vihisi vipya vilivyotoka boksi moja. Kinachojitenga na wenzake waziwazi kitoe, kiandike kwenye daftari, usikipeleke uwandani.

## Hatua ya 4: Vifunge kituoni sawasawa

Vikae ndani ya mita 20 kutoka kifaa cha rejea, midomo yake ikiwa kwenye urefu unaokaribiana na wa bomba la rejea, tofauti isizidi mita moja. Hewa ipite huru pande zote. Usivibandike ukutani wala chini ya dari ya kona. Kaa mbali na mfereji wa hewa ya kiyoyozi, jenereta, na bomba la pampu linalotoa hewa iliyochujwa. Hilo la mwisho linasahaulika sana: kihisi kilichofungwa mbele ya tundu la kutolea hewa ya pampu kitapima hewa safi mwezi mzima.

Mdomo wa kihisi utazame chini ili mvua na jua visiingie. Jua likipenya moja kwa moja linaweza kuichanganya sehemu inayopokea mwanga. Weka wavu mwembamba kuzuia wadudu. Buibui mmoja aliyetanda ndani anatosha kuzalisha "tukio la uchafuzi" la wiki nzima.

Piga picha pande nne. Utazihitaji kwenye sura ya mbinu.

## Hatua ya 5: Linda saa

Hapa ndipo kalibresheni nyingi hufa, na zinakufa bila kelele.

Kihisi kinaweka muda kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa. Kituo kinaweka kwa saa za eneo. Wewe kwenye daftari umeandika "saa nane", na baada ya miezi mitatu hukumbuki kama ulimaanisha 14:00 au 08:00. Juu ya hayo, kifaa kimoja kinapoandika 10:00 kinamaanisha wastani wa 09:00 hadi 10:00, kingine kinamaanisha 10:00 hadi 11:00. Vyote viko sahihi kwa kanuni zake. Ukiviunganisha tu kwa safu ya muda, kilele cha asubuhi cha kihisi kinalinganishwa na saa iliyotangulia au iliyofuata ya rejea. Uhusiano unashuka, nawe unaanza kulaumu kihisi.

Fanya hivi:

1. Geuza kila kitu kuwa UTC mara tu unapokisoma, na ukiache hivyo hadi grafu ya mwisho.
2. Muulize fundi wa kituo kama muhuri wa muda unaonyesha mwanzo au mwisho wa saa. Usikisie. Andika jibu lake na tarehe.
3. Kwenye daftari tumia mfumo wa saa 24 pekee.
4. Kila ukitembelea kituo, linganisha saa ya kihisi na ya simu yako, uandike tofauti. Saa za bodi ndogo huchelewa taratibu, hasa umeme ukikatika.
5. Baada ya wiki ya kwanza, sogeza data za kihisi mbele na nyuma kwa saa moja, mbili, tatu, na kila mara kokotoa uhusiano wake wa kitakwimu (correlation) na rejea.

Jaribio hilo la tano halichukui hata nusu saa. Uhusiano mkubwa kabisa unapaswa kutokea bila kusogeza chochote. Ukitokea kwenye saa moja, una tatizo la mwanzo na mwisho wa saa. Ukitokea kwenye idadi ya saa inayolingana na tofauti ya eneo lako na UTC, umeshajua.

Utajua umefaulu ukichora mistari miwili ya siku tatu juu ya grafu moja, na vilele vikapanda na kushuka pamoja, hata kama urefu wake haufanani.

## Hatua ya 6: Subiri siku 30 au zaidi

Hakuna ufundi hapa, ni uvumilivu. Unachotaka ni hali mbalimbali: siku safi na chafu, asubuhi zenye ukungu na alasiri kavu, na mvua ikiwezekana. Siku 30 zenye hali moja tu ni sawa na chache zilizorudiwa. Kama uwandani utapima msimu ambao hukuukalibreti, panga mzunguko wa pili wa kukaa kituoni.

## Hatua ya 7: Safisha data kwa kanuni ulizoandika kabla

Andika kanuni za kufuta kabla hujaona grafu, la sivyo utajikuta unafuta kila kinachokukera. Kanuni zangu za kawaida ni hizi.

Saa yenye chini ya asilimia 75 ya usomaji unaotarajiwa haihesabiki. Siku vivyo hivyo: iwe na angalau saa 18.

Kama kifaa kina vihisi viwili ndani, vilinganishe kwa kila saa. Vikitofautiana sana, futa saa hiyo yote. Usichague kile kinachokufurahisha.

Namba hasi za rejea zisifutwe wala kugeuzwa sifuri. Ziko pale kwa sababu ya mtetemo wa kawaida wa kifaa, na mtetemo huo una upande wa juu pia. Ukifuta upande wa chini tu, wastani wako unapanda kwa uongo. Futa tu saa ambazo kifaa chenyewe kimetoa ishara ya hitilafu.

Vihisi vya Plantower vinatoa safu mbili za PM2.5, CF1 na ATM. Kwenye viwango vya chini zinafanana, kisha zinatengana kadiri uchafuzi unavyopanda, ATM ikibaki chini hadi kufikia takriban theluthi mbili ya CF1. Chagua moja siku ya kwanza, itumie hadi mwisho, itaje kwenye tasnifu. Nimeona kazi ambamo kalibresheni ilifanywa kwa CF1 na uwandani ikatumika ATM. Hakuna fomula inayoweza kuokoa hali hiyo isipokuwa kurudia hesabu yote.

## Hatua ya 8: Tafuta mkono wa unyevu

Chora grafu ya nukta: kihisi upande mmoja, rejea upande wa pili, na rangi ya nukta ifuate asilimia ya unyevu. Karibu kila mara utaona nukta za unyevu mkubwa zikijikusanya upande ambao kihisi kinasoma juu kupita kiasi.

Sababu yake ni kemia. Chembe zenye salfeti, naitreti au chumvi hunyonya maji. Chembe kavu ya salfeti ya amonia huyeyuka na kuwa tone unyevu ukifika takriban asilimia 80. Chumvi ya kawaida karibu 75. Tone hilo ni kubwa kuliko chembe ya awali na linatawanya mwanga zaidi. Kihisi kinahesabu maji kama vumbi, wakati kifaa cha rejea kinakausha sampuli kabla ya kupima, au chujio linakaushwa maabara.

Ukubwa wa tatizo unaweza kuupiga hesabu. Mwaka 2007 Petters na Kreidenweis walipendekeza kuueleza uwezo wa chembe kunyonya maji kwa namba moja, kapa. Kwa chembe za nchi kavu thamani ya 0.3 hutumika mara nyingi kama wastani. Ukichukua msongamano wa chembe kuwa gramu 1.65 kwa sentimita ya ujazo, kiasi ambacho kihisi kitazidisha ni:

1 + (kapa ÷ 1.65) ÷ (1 ÷ unyevu − 1), unyevu ukiandikwa kama desimali.

Kwa unyevu wa asilimia 50 unapata 1.18. Kwa 70, 1.42. Kwa 90, 2.64. Kwa 95, 4.45. Tazama mwendo wake: kutoka 50 hadi 70 hakuna la kutisha, kutoka 90 hadi 95 namba inaruka. Ndiyo maana mstari ulionyooka wa unyevu unafanya kazi vizuri mahali pakavu na unashindwa alfajiri zenye ukungu. Ndiyo maana pia kosa dogo la kipimo cha unyevu, asilimia tatu tu, linageuka kosa kubwa la PM2.5 ukiwa karibu na 95. Juu ya asilimia 95 mimi huzitenga saa hizo na kuripoti idadi yake, badala ya kujidai nimezirekebisha.

## Hatua ya 9: Jenga modeli, ukianza na nyepesi

Anza na kihisi peke yake, kisha ongeza unyevu, kisha jotoridi. Kila ukiongeza kitu, jiulize kama kosa limepungua kiasi cha kuonekana. Kama halikupungua, kitoe.

Fomula inayotajwa sana ni ya EPA kwa PurpleAir: PM2.5 = 0.524 × CF1 − 0.0862 × unyevu + 5.75. Kihisi kikisoma 40 na unyevu ukiwa asilimia 60, jibu ni 21.5. Itazame kama mfano wa umbo, usinakili namba zake. Zilitokana na vihisi vilivyokaa Marekani, katika mchanganyiko wa chembe za huko. Chembe zako zikiwa na asili nyingine, mteremko utakuwa mwingine.

Kuna jambo linalochanganya wengi hapa. Unapojenga modeli ya kurekebisha, rejea ndiyo inayotabiriwa na kihisi ndicho kinachotabiri. Unapolinganisha na shabaha za EPA ni kinyume: kihisi kiko mhimili wa wima, rejea mhimili wa ulalo. Shabaha zenyewe, kwa wastani wa saa 24, ni mteremko kati ya 0.65 na 1.35, kikato cha mhimili kati ya −5 na 5, R² (kipimo cha jinsi nukta zinavyofuata mstari) isiyopungua 0.70, na kipeuo cha pili cha wastani wa makosa yaliyopigwa mraba kisichozidi mikrogramu 7, au asilimia 30 ya wastani. Ukigeuza mihimili, mteremko wako haulinganishiki na huo.

Vipi kuhusu modeli za misitu ya nasibu (random forest, aina ya kujifunza kwa mashine) na jamaa zake? Zina nafasi yake, ila zina udhaifu mmoja ambao kwa uchafuzi wa hewa ni mkubwa: hazitabiri juu ya kiwango cha juu zilichowahi kuona. Kama kituoni kilele kilikuwa 80 na uwandani kukatokea 200, modeli itakuambia karibu 80, na siku mbaya kuliko zote itafutika kwenye data zako.

## Hatua ya 10: Ijaribu kwa data ambazo haijaziona

Ukichanganya saa zote kisha ukachukua asilimia 30 bila mpangilio kwa ajili ya majaribio, utapata R² ya kukufanya utabasamu. Usiiamini. Hewa ya saa 10:00 ni karibu ileile ya 11:00. Moja ikiwa kwenye mafunzo na nyingine kwenye majaribio, modeli inafanya mtihani ambao majibu yake imeshayaona.

Gawanya kwa vipande vya muda. Kwa data za wiki nne: fundisha kwa wiki tatu, jaribu kwa ya nne, kisha zungusha hadi kila wiki iwe imejaribiwa. Ripoti kosa la kila wiki, si wastani wake tu. Kama wiki moja ina kosa mara mbili ya nyingine, rudi kwenye daftari: mvua? moshi wa jirani? kihisi kilizimika?

Mwisho, chora makosa yaliyobaki dhidi ya unyevu, jotoridi na saa ya siku. Yakiwa yametapakaa pande zote za sifuri bila umbo, umemaliza. Yakipanda kila usiku, bado kuna kitu hujakishika.

## Hatua ya 11: Nenda uwandani, lakini acha kimoja nyumbani

Kihisi kimoja kibaki kituoni muda wote. Ndicho shahidi wako: kikianza kuachana na rejea, una habari kwamba hali imebadilika kabla hujarudi.

Swali gumu la hatua hii ni kama hewa ya uwandani inafanana na ya kituoni. Modeli iliyofunzwa kwenye hewa ya jumla ya mji haihamii jikoni penye moshi wa kuni. Ukubwa wa chembe ni mwingine, rangi ni nyingine, msongamano ni mwingine, hivyo mwanga unatawanyika tofauti. Kwa mazingira kama hayo beba pampu ndogo na chujio, upime sambamba palepale angalau mara kadhaa. Ukiingia kwenye nyumba za watu, idhini ya kamati ya maadili na ya wenye nyumba iwe mkononi kabla ya msumari wa kwanza.

## Hatua ya 12: Rudisha vihisi kituoni, kisha andika

Wiki mbili za mwisho kituoni ndizo zinazokatwa kwanza bajeti ikibana. Zitetee. Vumbi hujikusanya ndani, feni huchoka, leza hufifia. Mteremko wa mwisho ukilingana na wa mwanzo ndani ya kosa lake, sema hivyo na uendelee. Ukiwa umehama, una njia mbili za haki: kusambaza badiliko hilo taratibu katika miezi ya uwandani, au kutoa matokeo kwa kalibresheni zote mbili na kuonyesha kama hitimisho linabadilika. Kuchagua moja na kunyamaza siyo njia ya tatu.

Halafu kuna viwango vya Shirika la Afya Duniani, ambavyo kila tasnifu inavinukuu na nyingi zinavitumia vibaya. Tangu 2021 ni mikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka na 15 kwa wastani wa saa 24. Kiwango cha mwaka kinalinganishwa na data za mwaka. Ukiwa na miezi mitatu ya kiangazi, usiuweke wastani wako kando ya 5 ukasema umezidi mara nane. Hicho cha saa 24 kinaruhusu siku tatu hadi nne za kuzidi kwa mwaka. Na kama kosa lako la kila siku ni mikrogramu 5, siku iliyosoma 17 haijathibitishwa kuwa imepita 15. Iliyosoma 40 imethibitishwa.

Kwenye sura ya mbinu weka: aina na namba ya kila kihisi, safu uliyotumia, aina ya kifaa cha rejea na tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho, tarehe za kukaa kituoni kabla na baada, kanuni za kufuta na idadi ya saa zilizofutwa kwa kila kanuni, modeli yenyewe na namba zake, kosa kwa kila kipande cha majaribio, na muhuri wa muda ulivyoshughulikiwa. Data ghafi zihifadhi pasipo kuguswa, kwenye folda isiyoandikika, pamoja na msimbo unaozigeuza kuwa matokeo ya mwisho kwa kubonyeza mara moja. Kabla ya kuwasilisha, mpe mwenzako folda hiyo aendeshe msimbo kwenye kompyuta yake. Namba za jedwali lako la kwanza zisipotoka vilevile, bado hujamaliza.